Mbwa wa Kienyeji Bomani: Mtazame Kabla Hujatafuta wa Kizungu



Mara kwa mara hapa Majengo nafuatwa na mfugaji anayetafuta "mbegu". Si mbegu ya ng'ombe, ni ya mbwa. Fisi wamemzidi, au wezi wa mbuzi wamepita bomani, na sasa anataka mtoto wa mbwa wa kizungu, yule mkubwa mwenye masikio yaliyosimama ambaye wengi humwita mbwa wa polisi. Nikimuuliza kama nyumbani ana mbwa, hujibu: "Ninao, lakini ni koko tu, mtaalamu."

Kipeperushi hiki kinamhusu huyo koko.

Ni mbwa wa aina gani

Wengi wanadhani mbwa wa kienyeji ni mbwa wa kizungu aliyeharibika kwa kuzaana ovyo. Sivyo. Mwaka 2009 watafiti walichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya mbwa wa vijijini katika Misri, Uganda na Namibia. Mbwa wa Uganda, majirani zetu, walionekana kwa sehemu kubwa kuwa na damu ya asili ya Afrika. Katikati ya Namibia mambo yalikuwa tofauti: huko damu ya mbwa wa kigeni ilikuwa imeshaingia sana. Yaani mbwa wa asili yupo, na pia anaweza kumezwa akapotea bila mtu yeyote kugundua.

Unamfahamu kwa macho. Ana manyoya mafupi, kifua chembamba, tumbo lililopanda juu, miguu mirefu kiasi, na mara nyingi mkia uliojikunja. Rangi ya kahawia au ya mchanga ndiyo iliyozoeleka, ingawa weusi na wenye mabaka wapo. Wengi hawafiki kilo 20. Hali sana, na joto halimsumbui.

Ndugu yake mmoja amefika mbali. Katika misitu ya Kongo kuna mbwa wa kuwindia ambaye habweki kama wengine, bali hutoa sauti kama ya kuimba. Wazungu wanamwita Basenji, jina lililotoka katika lugha za huko na linalofanana na neno letu "washenzi", kwa hiyo naye alianza kwa kudharauliwa. Mwaka 1895 wawili walipelekwa Uingereza wakafa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa wa distempa. Katika miaka ya 1930 wengine walifika salama, wakazaana, na leo mbwa wa aina hii anauzwa ghali Ulaya na Marekani. Lakini ukoo wao huko ulitokana na mbwa wachache mno, na ugonjwa wa figo wa kurithi ukaenea. Ilipofika miaka ya 1980 wafugaji kutoka Marekani walilazimika kurudi Kongo, vijijini, kutafuta damu mpya. Walikuja kuwaomba mbwa wale wale ambao sisi tunawarushia mawe.

Kwa nini anatufaa

Miaka michache iliyopita familia moja nje kidogo ya mji iliuza beberu wawili ili kununua mtoto wa mbwa chotara. Walimpenda, watoto wakampa jina. Mvua zilipoanza kupe wakajaa. Akapata homa, akaacha kula, ufizi ukawa mweupe, mkojo ukawa mwekundu. Walipoleta habari kwangu nilimkuta hawezi kusimama, na alikufa usiku ule. Mbwa wao wa kienyeji, ambaye alikuwa na kupe vilevile, alikuwa amelala mlangoni mwa zizi, mzima.

Sisemi kwamba wa kienyeji haugui. Anaugua. Ila magonjwa yanayoenezwa na kupe, na nagana inayoletwa na mbung'o, humwangusha mbwa mgeni haraka zaidi. Kwa wale mliohamia na mifugo upande wa Namtumbo na Tunduru, kwenye mapori yenye mbung'o, jambo hili lifikirieni vizuri kabla ya kutoa fedha. Mbwa akionyesha jicho lenye ukungu wa bluu pamoja na homa na kukonda, mtafuteni mtaalamu siku hiyo hiyo.

Kuhusu ulinzi, nchini Botswana shirika la Cheetah Conservation Botswana linawahimiza wafugaji kutumia mbwa wa kienyeji wa huko kulinda mbuzi dhidi ya duma na wanyama wengine wakali. Siri haipo kwenye ukubwa wa mbwa, ipo kwenye malezi. Mchukue mtoto wa mbwa akishafikisha wiki nane hivi, akiwa ameacha kunyonya. Mlaze karibu na mbuzi, ndani ya zizi au pembeni yake, na chakula chake kiliwe hapo hapo. Awafuate malishoni pamoja na mchungaji. Akicheza kwa kuwakimbiza au kuwauma masikio, mkaripie palepale, wala usicheke. Akikua hivyo, mbuzi wanakuwa jamaa zake, na akisikia kishindo usiku atabweka hata kabla hujafumbua macho.

Na nyumbani? Hapa nina maoni yangu. Mbwa wa kienyeji ni mpole kwa watu wa boma aliowazoea tangu mdogo, na ni mbwa mzuri wa familia kuliko tunavyokiri. Anayekuwa mkali kwa watoto mara nyingi ni yule aliyefungwa mnyororo mchana kutwa, aliyekatwa masikio ili "awe mkali", au anayepigwa. Kukata masikio hakuongezi ukali wowote wenye faida. Kunaongeza kidonda na funza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama, na mbwa ni mnyama. Mfundishe mtoto asimguse mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha.

Majirani Waislamu huniuliza kuhusu unajisi. Mbwa wa mifugo na wa ulinzi ana ruhusa inayofahamika katika mafundisho yao. Akiwa na banda lake nje na chombo chake mwenyewe cha chakula, mambo huenda vizuri.

Anavyopotea

Hatumpotezi kwa kumuua tu. Jike mzuri wa kuchunga hupandwa na chotara aliyezurura kutoka mjini, na baada ya vizazi vitatu ule ustahimilivu wake umepungua. Kama una jike mwenye tabia njema, mfungie ndani kwa wiki tatu anapokuwa kwenye joto, na mtafutie dume la kienyeji kutoka boma lingine, lisilo la ukoo wake. Mimba huchukua siku 63 hivi. Wale usiotaka wazae, walete wahasiwe na mtaalamu. Kuhasi kwa wembe bomani ni ukatili.

Njia nyingine ya kumpoteza ni ile ya sumu na risasi unapozuka uvumi wa kichaa cha mbwa. Wanaouawa kwanza ni wale wanaoonekana njiani, wawe wamechanjwa au hawajachanjwa. Nafasi zao hujazwa na mbwa wapya wasio na chanjo, na ugonjwa unaendelea. Kinachouzima ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, kila mwaka.

Yasiyosamehewa

Karibu vifo vyote vya watu vya kichaa cha mbwa hutokana na kung'atwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nendeni hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo. Msipake majani wala mafuta. Mbwa aliyeng'ata, kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, na tupewe taarifa.

La pili ni matumbo. Mnapochinja na kumtupia mbwa ini au mapafu yenye malengelenge ya maji, anapata tegu mdogo sana ambaye mayai yake hutoka na kinyesi na kuingia kwa watoto kupitia mikono na maji. Miaka ikipita, lengelenge linakua ndani ya ini la mtu, na mara nyingi dawa yake ni kisu cha daktari. Ubongo wa mbuzi au kondoo aliyekuwa akizunguka zunguka nao asipewe; Wamasai wanaujua ugonjwa huo kwa jina la ormilo, na ni tegu wa mbwa anayeuleta. Chemsheni matumbo au yafukieni kwa kina. Mbwa apewe dawa ya tegu, prazikwanteli, angalau mara nne kwa mwaka, kwa kipimo cha uzito wake. Siyo ile ya ng'ombe kwa kukisia.

Siku ya chanjo mbwa aletwe kwa kamba na mtu mzima aliyemzoea, asikokotwe na mtoto. Leteni wote, hata watoto wa mbwa ambao hawajatimiza miezi mitatu. Hao tutawachanja na kurudia baadaye. Kadi ya mwaka jana njooni nayo.