Je, Wajua? Kitabu cha Kielektroniki Nacho Huchakaa

Mwanafunzi wa Marekani anayefungua Sora, programu ambayo shule nyingi za huko huitumia kuazima vitabu, anaweza kukuta riwaya anayoitaka tayari iko kwa mwenzake, na mbele yake kuna foleni. Foleni ya nini, wakati faili hunakilika kwa kufumba na kufumbua? Sababu ni leseni. Mara nyingi maktaba haikinunui kitabu chenyewe, hununua ruhusa ya kumwazima msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Wakitaka wasome wawili, zinunuliwe ruhusa mbili.

Je, wajua kwamba ruhusa hizo hupangiwa hata siku ya kufa? Mwaka 2011 kampuni ya HarperCollins iliziambia maktaba kwamba kitabu chake cha kielektroniki kikishaazimwa mara 26, basi, kinunuliwe upya. Hesabu yao ilikuwa kwamba kila msomaji hukaa nacho wiki mbili, na wiki mbili mara 26 ni mwaka mzima, muda ambao eti kitabu cha karatasi huwa kimeshachakaa. Wakutubi wa Oklahoma hawakubishana kwa maneno. Walitoa rafuni vitabu vya karatasi vya kampuni hiyohiyo vilivyokwisha kuazimwa zaidi ya mara 26, wakavipiga video vikiwa bado vinasomeka vizuri tu.

Kisa cha Julai 2009 kinachekesha zaidi, kama hakikukupata wewe. Wasomaji waliokuwa wamenunua vitabu viwili vya George Orwell kwenye Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, waliamka wakakuta vimetoweka. Muuzaji aliyeviweka sokoni hakuwa na haki miliki Marekani, kwa hiyo Amazon ilivifuta kutoka mbali, ndani ya vifaa vya watu, na kuwarudishia fedha zao. Kimoja kilikuwa Animal Farm, ambacho sisi tunakijua kama Shamba la Wanyama. Kingine kilikuwa 1984, riwaya kuhusu serikali inayofuta kumbukumbu zisizoipendeza! Mwanafunzi mmoja wa sekondari huko Michigan alikuwa ameandika maelezo yake ya masomo pembeni mwa kurasa. Kitabu kilipoondoka, maelezo yakabaki yakirejea kurasa ambazo hazipo. Akashtaki, na kesi ikamalizwa kwa makubaliano ya dola 150,000. Mkuu wa Amazon wakati huo, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani.

Si kila maktaba ya mtandaoni ina masharti hayo. Iliyo kongwe kuliko zote, Project Gutenberg, haina foleni wala ada. Ilianza tarehe 4 Julai 1971 katika Chuo Kikuu cha Illinois, pale mwanafunzi Michael Hart alipochapa Azimio la Uhuru wa Marekani kwenye kompyuta kubwa ya chuo, kwa herufi kubwa tupu. Nakala aliyokuwa akiichapa alikuwa amepewa dukani alikokwenda kununua chakula. Aliendelea kuchapa taratibu mno: kitabu cha kumi, Biblia ya King James, kilitoka mwaka 1989. Leo vimepita 70,000.

Na huenda wewe mwenyewe umeshachapia maktaba bila kujua. Unakumbuka zile herufi zilizopindapinda ambazo tovuti zilikutaka uandike kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu? Kuanzia 2007, mfumo wa reCAPTCHA uliobuniwa na Luis von Ahn na wenzake ulikuwa ukichomeka humo maneno ya vitabu na magazeti ya zamani ambayo kompyuta ilishindwa kuyasoma. Ulilipwa kwa kuruhusiwa kuingia.

Kwa walimu wanaotafuta makala za kitaaluma: kanzidata ya JSTOR ilizaliwa katikati ya miaka ya 1990 kwa sababu ya uhaba wa rafu, maana majarida ya zamani yalikuwa yakimaliza nafasi vyuoni. Mwaka 2006 ilianza kuzisamehe ada taasisi za Afrika zisizo za kibiashara.

Kwa madarasa ya chini, African Storybook ya Afrika Kusini, iliyozinduliwa 2014, inafaa zaidi kuliko yote niliyoyataja. Hadithi zake zimo katika lugha nyingi za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake ni huria. Mwalimu anaruhusiwa kuipakua hadithi, kuitafsiri kwa lugha ya kijijini kwake, kurahisisha sentensi ndefu, kuichapisha na kuigawa. Hamwombi mtu. Shule isiyo na intaneti nayo ina njia: programu kama Kolibri na Kiwix huweka masomo au Wikipedia kwenye kompyuta moja, na wanafunzi wakajiunga nayo kwa Wi-Fi ya darasani bila kutumia bando.

Mwisho, jambo la kujaribu. Vitabu vingi vya kielektroniki huja katika muundo wa EPUB, ambao kwa kweli ni kurasa za tovuti zilizofungashwa kwenye faili la zip. Chukua nakala ya kitabu cha Project Gutenberg, ondoa neno epub mwishoni mwa jina la faili, weka zip, kisha lifungue. Utakuta sura, picha na jalada, kila kimoja faili lake. Ukijaribu hivyo kwa kitabu chenye kufuli la mchapishaji, ganda litafunguka, lakini maandishi utakayoyakuta ndani ni vurugu tupu.