Kisigino cha Achilles na Kitovu cha Liyongo: Uhakiki wa Vyanzo katika Utafiti wa Shujaa

Katika fasihi linganishi, Fumo Liyongo wa pwani ya Waswahili hulinganishwa na Achilles wa Wayunani kwa kuwa kila mmoja husemekana kuwa na sehemu moja tu ya mwili inayoweza kumletea mauti. Makala haya yanafafanua kuwa ulinganishi huo hauna mashiko iwapo kila dai halijarejeshwa kwenye chanzo chake na wakati wa chanzo hicho.

Kwa upande wa Achilles, chanzo kikongwe ni Iliad ya Homer, ambayo wataalamu wengi huiweka katika karne ya 8 K.K. Humo shujaa huyo hujeruhiwa kama watu wengine: katika kitabu cha 21, mkuki wa Asteropaeus unamkwaruza mkono na damu inatoka. Habari ya mama yake kumchovya katika maji ya Styx inapatikana katika Achilleid ya Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 B.K. Kwa hiyo, anayedai kuwa kisigino kimetajwa na Homer anamsingizia mtunzi huyo.

Kwa upande wa Liyongo, Edward Steere alichapisha hadithi yake mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Zanzibar. Utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu ni wa mwaka 1913, nao ulihaririwa na M. M. Mulokozi katika Tenzi Tatu za Kale, kitabu kilichotolewa na TUKI, Dar es Salaam, mwaka 1999. Vyanzo vyote viwili vinataja kitovu, shaba, na mwana anayemuua baba yake.

Mtafiti aliyeko Dar es Salaam hana sababu ya kutegemea muhtasari wa watu wengine. Chuo kilichoanza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, jirani na Kariakoo, kilikusanya miswada ya Kiswahili ambayo J. W. T. Allen aliiorodhesha katika katalogi ya mwaka 1970.

Uhakiki huo unabadili hitimisho. Achilles anauawa na adui vitani; Liyongo anasalitiwa na damu yake mwenyewe, kwa kuchomwa mahali panapomuunganisha mtu na mama yake. Aidha, Siegfried wa Wajerumani naye ana sehemu moja ya udhaifu, mgongoni. Kufanana pekee, basi, si ushahidi kwamba Waswahili waliazima shujaa wao kutoka Uyunani.