Je, Wajua? Hendeli Ilivunja Mikono ya Madereva

Kabla ya stata ya umeme, gari liliwashwa kwa nguvu za mwili. Dereva alichomeka hendeli, chuma kilichopindwa, kwenye tundu lililo mbele ya gari, akazungusha injini mpaka iwake.

• Hatari: Cheche ikiwahi kabla pistoni haijafika juu, mlipuko huisukuma pistoni irudi chini. Injini huzunguka kinyumenyume na hendeli humpiga anayeishika. Madereva wengi walivunjika mkono karibu na kifundo.

• Kinga: Kwenye Ford Model T, dereva alianza kwa kuchelewesha cheche kwa wenzo uliokuwa kwenye usukani. Kisha alishika hendeli kwa mkono wa kushoto, kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, akavuta kwenda juu. Kukandamiza kwenda chini kulikuwa kujitafutia balaa.

• Ukombozi: Stata ya umeme iliyobuniwa na Charles Kettering wa Marekani ilifungwa kwenye magari ya Cadillac ya mwaka 1912. Model T, iliyoanza kuuzwa 1908, ilisubiri hadi 1919.

• Hadi leo: Pawatila nyingi zinazolima mashamba ya mpunga Tanzania bado huwashwa kwa hendeli. Mkulima hufungua kwanza wenzo wa kupunguza mgandamizo ili injini ya dizeli izunguke kwa wepesi. Ikishika kasi, huuachia, nayo huwaka.