Mashine ya Kusahihisha Programu

Tangu muhula uliopita wadogo zetu wa madarasa ya chini hawaachi kuniuliza: "Kaka, ile kompyuta ya pembeni yawezaje kutupa alama, na mwalimu hata hajaisoma kazi yetu?" Nao kaka zetu waliomaliza hapa zamani, wakija kututembelea, hucheka wakisema kwamba huu ni uvivu wa walimu. La, si uvivu. Mwalimu wetu wa kompyuta ni mmoja tu, nasi twapita mia. Kila programu iliyoandikwa ilimpasa aifungue, aiendeshe, aijaribu mara tatu au nne, ndipo aandike alama. Kazi ya leo ilirudi baada ya wiki tatu, na kufika hapo mwenye kazi alikuwa amekwisha kusahau alichotaka kukifanya. Kwa hiyo mwalimu alituita wanafunzi watatu wa darasa la juu, akatuagiza tutengeneze kisahihishaji. Nataka kuwaeleza namna kinavyofanya kazi.

Jambo lenyewe si geni duniani. Mwaka 1960 Jack Hollingsworth, wa chuo cha Rensselaer huko Marekani, aliandika habari za mashine ya kusahihisha programu za wanafunzi wake, ambazo siku hizo zilitobolewa katika kadi. Leo vyuo vingi vina vyombo vya namna hiyo, na katika mashindano ya kimataifa ya programu hakuna mtu akaaye kusahihisha kwa kalamu. Vingine hupatikana bure, mathalani DOMjudge. Lakini sisi tulitaka chombo kidogo tunachoweza kukitengeneza wenyewe kikiharibika.

Vifaa vyetu ni vichache. Tuna kompyuta moja ya mkononi iliyokwisha kutumika, tuliyoinunua hapa hapa mtaani Asiatique, na kisanduku kimoja cha kueneza mtandao chumbani. Tulichagua ya mkononi kwa sababu ina betri yake. Kila mkaaji wa Bujumbura ajua kwa nini. Intaneti hatuna katika chumba kile, wala haihitajiki. Kompyuta za wanafunzi huzungumza na hii moja tu, na ukurasa hufunguka katika kivinjari kama ukurasa wowote mwingine. Ndani yake tumetumia Linux, Python na SQLite, vyote vya bure. SQLite naipenda hasa, maana huweka daftari zima la alama katika faili moja. Jioni mwalimu huinakili katika flashi akaenda nayo nyumbani.

Sasa tazameni kazi yenyewe. Mwalimu aliuliza hivi: mteja adaiwa kiasi fulani cha faranga, kisichopungua wala kuzidi mafungu ya 500, je, aweza kulipa kwa noti ngapi, zikiwa chache iwezekanavyo? Noti ni za 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000. Mwanafunzi huandika programu, huiweka katika ukurasa, na kubonyeza kitufe. Programu huingia katika foleni, kwa kuwa watu arobaini wakibonyeza pamoja mashine yetu maskini itazimia. Zamu yake ikifika, hupewa kiasi kimoja baada ya kingine, na jibu lake hulinganishwa na jibu la mwalimu. Kwa 18,500 jibu ni 5. Kwa 9,000 ni 3. Kwa 20,000 ni 2. Na kwa 0 jibu ni 0, na hapo ndipo wengi huanguka.

Twaonyesha majaribio mawili tu. Mengine matano yamefichwa. Kama yote yangekuwa wazi, mjanja angeandika: ukipewa 18,500, sema 5, ukipewa 9,000, sema 3. Angepata alama zote bila kuhesabu hata noti moja.

Sehemu ngumu kuliko zote ni usalama. Programu ya mwanafunzi ni mgeni usiyemjua. Yaweza kufuta mafaili, yaweza kulisoma daftari la alama, yaweza hata kujiandikia 20 juu ya 20. Kwa sababu hiyo kila programu huendeshwa katika chumba chake cha peke yake, ambacho wenye ufundi hukiita kontena. Mle ndani haioni daftari, haina mtandao, nayo hupewa kumbukumbu kidogo tu. Kazi ikiisha, chumba hubomolewa.

Kisha kuna programu zisizokoma. Mtu huandika mzunguko, akasahau kupunguza deni, mashine ikazunguka mpaka kesho. Je, kwa nini kisahihishaji kisiisome programu kwanza na kuikataa? Hapa kuna jambo la ajabu. Mwaka 1936 Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna njia moja iwezayo kutambua, kwa kila programu, kama itasimama au haitasimama. Basi hatukujisumbua kutafuta, twatumia saa. Sekunde mbili zikipita, programu huzimwa.

Lakini taabu iliyoleta kelele nyingi si hizo. Ni lugha. Sisi husoma Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, na mashine hulinganisha herufi kwa herufi. Mmoja huandika "Noti 5", mwingine "5 billets", wa tatu "5" peke yake. Wote watatu wamehesabu sawasawa, lakini mashine humpa alama yule wa tatu tu. Kadhalika tumezoea kuandika 2,5 kwa mkato kama Wafaransa, ilhali Python hutaka nukta. Mtoto hodari aweza kupata sifuri kwa mkato mmoja, na sifuri ile huingia katika ripoti ambayo baba yake ataisoma kabla ya kutafuta karo.

Tulijadiliana sana juu ya hili. Mwenzangu mmoja alishika kwamba sheria ni sheria, na asiyefuata maagizo asilie. Mimi sikukubali, na mwalimu naye hakukubali. Swali lilipima hesabu ya noti, halikupima adabu ya kuandika jibu. Kwa hiyo sasa kila swali laeleza wazi kwamba jibu liwe tarakimu tupu, na lile jaribio la wazi humwonya mwanafunzi mapema kama ameongeza maneno. Aweza kusahihisha na kuleta tena mpaka siku ya mwisho. Tena mashine haitoi alama zote 20. Majaribio saba yana alama mbili mbili, yaani 14. Sita zilizobaki ni za mwalimu, ambaye huisoma programu yenyewe kuona kama imepangwa vizuri na kama si ya jirani. Mwenye malalamiko ana siku tatu za kuyaleta, na mwalimu aweza kuibadili alama yoyote, ila jina lake na sababu yake huandikwa katika daftari.

Chumba hufunguliwa Jumatano saa nane mchana. Anayetaka kuona kontena likijengwa na kubomolewa, na aje na programu yake.