Tamaa ya Siku Nne

Mapema mwaka 2017, mwandishi wa riwaya Ann Patchett wa Nashville, Marekani, aliishiwa na mafuta ya kupaka midomoni. Ni kitu kidogo, cha kununuliwa njiani bila kufikiri. Lakini alikuwa amejiwekea nadhiri ya kupitisha mwaka mzima bila manunuzi yasiyo ya lazima, hivyo akaanza kwa kupekua droo za meza na mifuko ya makoti. Akakuta tyubu tano.

Hakujinyima kama mtawa. Kwenye duka la vyakula alinunua alichotaka, hata maua. Shampuu, betri na wino wa printa aliviruhusu, ila vilivyopo viishe kwanza. Vitabu pia, maana ni mmiliki mwenza wa duka la vitabu. Nguo na spika, hapana. Alipochungulia chini ya sinki la bafuni, alikuta losheni na sabuni za kumtosha miaka mitatu zaidi.

Kisha ikaja Machi, akaitamani Fitbit, ile bangili ya kuhesabu hatua. Siku nne hamu ikamshika kwelikweli. Siku ya tano ilikuwa imeondoka, bila vita wala machozi. Katika makala aliyoiandikia New York Times Desemba ya mwaka huo, hilo linatajwa kwa haraka. Lilistahili zaidi.

Huku kwetu, wengi wanaoapa kila Januari kubana matumizi hujilaumu kwa kukosa nidhamu. Wanajidhulumu. Kilichopotea ni zile siku nne. Zamani mfuko mtupu wenyewe ulikuwa breki: umekiona kiatu, umekipenda, lakini lazima ungoje mshahara, na kabla haujatoka umeshakumbuka ada ya mtoto. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilikuwa njia ya kutumiana fedha. Baadaye simu ikawa ya kulipia dukani. Januari 2019 ikaja Fuliza, inayokuwezesha kulipa hata salio likiwa limekwisha, na deni hukatwa fedha zikishaingia. Kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kupumzika. Jina lenyewe limesema yote. Huduma kama hiyo ya Vodacom nchini Tanzania inaitwa Songesha.

Huduma hizi zimeokoa wagonjwa usiku wa manane, na hilo si dogo. Ila haziulizi kama unalipia dawa au mkoba wa tatu.

Halafu kuna mitumba. Mwaka 2006, kikundi cha marafiki wa San Francisco waliojiita The Compact waliafikiana kukaa mwaka mzima bila kununua kitu kipya, isipokuwa mahitaji kama chakula, dawa na nguo za ndani. Cha mkono wa pili kilikubalika. Kwao hilo lilikuwa zuio. Kwa mtu wa masoko ya mitumba kama Gikomba ya Nairobi au Karume ya Dar es Salaam lisingezuia lolote. Alfajiri belo linakatwa kamba, nguo zinamwagika, mikono inagombania “kamera”, yaani zile za daraja la kwanza. Jioni muuzaji anapiga kelele bei ikishuka, na mpita njia anayekwenda kupanda daladala au matatu anasimama. Pale Gikomba, blauzi moja, mia mbili tu. Nyingine, mia tu. Neno “tu” ndilo linalokausha mshahara, kwa sababu hakuna anayeliandika popote. Friji huandikwa, blauzi kumi na mbili hazina daftari.

Hata hivyo, kungoja si jambo geni kwetu. Wanawake wa upatu, wengine wakiuita mchezo au kibati, wamekuwa wakingoja tangu kabla ya simu. Kumi wanachanga kila mwezi, mmoja anapokea. Aliyepangiwa zamu ya nane, mwenye nia ya kununua friji, ana miezi saba ya kuifikiria. Anapima pembe ya jikoni kwa kamba. Anamuuliza jirani umeme unakula kiasi gani. Anaota maji baridi, mvua za masika zinaanza, na usiku mmoja anaamka kusogeza ndoo chini ya paa linalovuja. Zamu yake inapofika anakwenda dukani na fedha zote taslimu, anarudi nyuma ya mkokoteni uliobeba mabati.