Vancouver: Waskoti na Wachina wakaa kwenye meza moja

Sketi ya Kiskoti kiunoni, joka la Kichina likicheza ukumbini, filimbi za mfuko zikilia. Ndivyo wakaaji wa Vancouver, magharibi mwa Kanada, wanavyosherehekea Gung Haggis Fat Choy, siku kuu inayounganisha desturi za Scotland na za China.

Yote yalianza mwaka 1993. Todd Wong, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, aliombwa kusaidia katika sherehe ya Robert Burns, mshairi wa Scotland aliyezaliwa tarehe 25 Januari 1759. Mwaka Mpya wa Kichina nao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Wong, Mkanada wa asili ya Kichina, akavaa sketi ya Kiskoti. Mwaka 1998 aliwaalika watu 16 kwa chakula cha mangaribi. Baadaye wageni wakawa mamia.

Jina la sherehe linachezea salamu ya Mwaka Mpya ya Wakantoni, Gung Hay Fat Choy. Haggis ni chakula cha Waskoti: moyo, maini na mapafu ya kondoo, vikichanganywa na shayiri na vitunguu, kisha kupikwa ndani ya tumbo la mnyama huyo. Huko Vancouver, haggis hutiwa ndani ya wonton, vifurushi vidogo vya unga vya Kichina.

Lakini zamani jamii hizi mbili hazikula pamoja. Maelfu ya Wachina walijenga njia ya reli ya Canadian Pacific kwa mshahara mdogo kuliko wa wazungu, na mamia walikufa. Tarehe 7 Novemba 1885, Donald Smith, mzaliwa wa Scotland, alipiga msumari wa mwisho. Katika picha maarufu ya siku hiyo, wafanyakazi hao Wachina hawaonekani.

Mwaka huohuo, serikali ya John A. Macdonald, mzaliwa wa Glasgow, iliweka kodi ya dola 50 kwa karibu kila Mchina anayeingia nchini. Mwaka 1903 ilifika dola 500. Kuanzia 1923 hadi 1947, karibu Wachina wote walifungiwa mlango.

Serikali ya Kanada iliomba msamaha mwaka 2006. Wakati huo, Wong na wageni wake walikuwa tayari wamekula pamoja kwa miaka minane.