Sheria Isiyo Bayana Mbele ya Mahakama

Wengi wetu tuliolelewa chini ya sheria zilizorithiwa kwa mkoloni tumezoea kudhani kwamba sheria hubatilishwa kwa udhalimu wake tu. Walakini liko kosa jingine, la uandishi, ambalo mahakama huliona limetosha peke yake kuiangusha sheria, hata kama nia ya walioitunga ilikuwa njema.

Mfano ulio karibu nasi ni kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya, kilichomwahidi faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 3, au vyote viwili, kila atakayepeleka kwa mitambo ya mawasiliano ujumbe wenye kuchukiza mno, au wa aibu, au wa kutisha, ama habari ya uongo kwa kusudi la kuudhi. Mwaka 2015 kijana mmoja alishtakiwa kwa kifungu hicho kwa maneno aliyoyaandika katika Facebook, naye, badala ya kubishana kama maneno yake yalichukiza au la, akakipinga kifungu chenyewe. Tarehe 19 Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu mjini Nairobi akakibatilisha, kwa kuwa ibara zile hazikufasiriwa popote, na maana yake ilikuwa imeachiwa rai ya kila hakimu.

Raia asiyejua mpaka ulipo atauepukaje? Hiyo ndiyo hoja ya kwanza, na aghalabu ndiyo inayotajwa. Lakini mimi naona ya pili ni nzito zaidi, kwamba sheria isiyo bayana humkabidhi askari wa doria kazi ya Bunge. Wenzetu wakaao Chicago huenda wakaikumbuka amri ya mji ule ya mwaka 1992, iliyowapa polisi mamlaka ya kuwatawanya watu waliosimama mahali bila kusudi la dhahiri, endapo mmoja wao alidhaniwa kuwa wa genge. Kwa muda wa miaka mitatu zilitolewa amri za kutawanyika zaidi ya 89,000, na waliokamatwa wakapita 42,000, hata Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitangua mwaka 1999. Na kusudi la mtu aliyesimama kivulini, nani awezaye kuliona kwa macho?

Si kwamba majaji hudai kila neno lipimwe kwa mizani ya sonara, maana uzembe na busara ni maneno mapana, nayo yamo katika sheria za dunia nzima, yakiwa yamepata maana thabiti kwa hukumu za miaka mingi.

Wala majaji hawakubaliani daima. Kenya ilipotunga sheria mpya ya makosa ya kompyuta na mitandao, iliyotiwa saini tarehe 16 Mei 2018, vifungu vyake 26 vilisimamishwa na Mahakama Kuu kabla mwezi ule haujaisha. Februari 2020 mahakama iyo hiyo, kwa kalamu ya jaji mwingine, ikaviruhusu.